Kuchagua wasifu wa Kiswahili dukani

Anza na kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar; ni chembamba, hakichoshi. Ukitaka maisha ya mwandishi mwenyewe, uliza kama Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini vimejalidiwa pamoja, maana cha kwanza pekee kinakuacha njiani. Tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, isome kwa jicho kali: pembe na safari utazipata kwa kirefu, ila mateka hawapewi sauti. Mzee Rukhsa ya Ali Hassan Mwinyi, ya 2021, yafaa baadaye.

Kabla ya kulipa, kifungue kitabu katikati. Nakala ya kurudufu hujulikana hapo: herufi za upande wa mshono zimemezwa, picha zimekuwa madoa meusi. Kisha fuatisha namba za kurasa, hasa kwenye mtumba.