Kibali kwanza, mafaili baadaye: jinsi daktari anavyoomba kibali cha maadili ya utafiti Tanzania na kufikisha makala yake jaridani

Daktari mwenzangu, huenda wodini kwako kuna jambo unaloliona likijirudia. Pengine ni wagonjwa wa kisukari wanaofika na vidonda vya miguu wakati mguu umeshaoza, na kila ukitoka raundi unasema moyoni kwamba hili lazima liandikwe. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako, uwe daktari tarajali, uwe uko hospitali ya wilaya, au unasoma shahada ya uzamili na tasnifu inakusubiri.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipitia mafaili ya wagonjwa zaidi ya mia mbili katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi. Mkubwa wangu aliniruhusu kwa mdomo, nami nikaona inatosha. Kila Jumamosi nilishinda chumba cha kumbukumbu, nikinakili kwa mkono. Makala ilipofika jaridani, mhariri aliuliza jambo moja tu: namba ya kibali cha maadili na tarehe kilipotolewa. Sikuwa nacho. Nilikimbilia kamati ya maadili, ile inayopima kama utafiti unawalinda wagonjwa na kutoa kibali, nikaambiwa kwa upole kwamba kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwishafanyika. Makala ile haikuchapishwa. Wagonjwa wale walikuwa na la kuwaambia madaktari wengine, na mimi ndiye niliyewazibia njia. Ndiyo maana nasema usifungue faili hata moja kwa ajili ya utafiti kabla kibali hakijafika mkononi.

Kabla ya kuomba: swali na majedwali matupu

Ombi zuri huanzia kwenye swali dogo. "Vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari" ni mada, bado si swali. Swali ni hili: kati ya watu wazima wenye kisukari waliolazwa wodi ya upasuaji kwa kidonda cha mguu katika muda fulani, ni wangapi walikatwa mguu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na siku walizochelewa kufika hospitali zilihusiana vipi na kukatwa huko? Ukiliandika hivyo unajua utamtafuta nani, utapima nini na utahesabu nini.

Sasa chukua karatasi uchore majedwali ya makala yako kabla hujapata data yoyote. Jedwali la kwanza: umri, jinsia, miaka ya kuishi na kisukari, siku tangu kidonda kianze. La pili: waliokatwa mguu upande mmoja, wasiokatwa upande wa pili. Acha visanduku vitupu. Madaktari wengi niliowasaidia hugundua hapa kwamba walitaka kuuliza mambo arobaini na majedwali yanahitaji kumi na mawili. Hayo mengine yafute. Dodoso litapungua, kamati itakuelewa haraka, na siku ya kuandika utakuwa na mahali pa kuanzia.

Mtafute mtakwimu sasa hivi, usingoje data ikishakusanywa. Ukubwa wa sampuli ni jambo ambalo kamati huliuliza, na jarida litaliuliza tena. Kwa kusoma waliyoandika wengine, PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, haina malipo, na hospitali au chuo chako kikisajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, utasoma majarida mengi ambayo vinginevyo hulipiwa kwa dola. Muulize mkutubi. Mara nyingi nywila ipo na hakuna anayeitumia.

Ujue mlango wa kubisha

Vyuo vikuu vya afya kama MUHAS pale Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza vina kamati zao za maadili. Kama wewe ni mwanafunzi wa huko, anzia kwenye kamati ya chuo. Kamati ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 1979. Tafiti zenye washirika wa nje ya nchi, majaribio ya tiba, na zile ambazo sampuli au data zitasafirishwa nje zitakufikisha kwa kamati hiyo. Ukijaribu dawa au kifaa tiba, idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo inahitajika. Mtafiti wa kigeni atahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya na kamati yake, kwa hiyo cheti cha Bara hakikutoshi kuingia wodini Mnazi Mmoja.

Kujaza ombi

Maombi ya NIMR hupelekwa kwa mtandao. Unafungua akaunti, unajaza taarifa za mtafiti mkuu na wenzake, unapandisha nyaraka, kisha unalipia ada kwa namba ya malipo utakayopewa. Ada hutofautiana kati ya mwanafunzi, mtafiti wa ndani na wa kigeni, kwa hiyo angalia kiwango cha siku hiyo badala ya kutegemea alicholipa mwenzako mwaka jana.

Nyaraka zenyewe ni barua ya maombi, andiko la utafiti, dodoso au fomu ya kukusanyia data, fomu ya ridhaa, wasifu wa kila mtafiti, bajeti, ratiba, na barua ya taasisi yako. Dodoso na fomu ya ridhaa ziwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kama data au sampuli zitatoka nje ya nchi, ambatanisha mkataba wa kuzihamisha, uliotiwa saini na pande zote.

Fomu ya ridhaa ya Kiswahili ndipo wengi tunapoanguka, na inanisikitisha kwa sababu ndiyo karatasi pekee ambayo mgonjwa ataishika. Nimeona fomu iliyoandikwa hivi: "Sampuli ya damu ya mshiriki itachukuliwa kwa minajili ya uchambuzi wa viashiria vya kibayolojia." Mama aliyetoka Kilwa na mguu unaomuuma hawezi kukubali wala kukataa kitu asichokielewa. Iandike hivi: "Tutakuchoma sindano mkononi na kuchukua damu mililita 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Utasikia maumivu kidogo. Tutapima wingi wa sukari. Ukikataa, utaendelea kutibiwa kama kawaida, na hakuna atakayekuuliza kwa nini." Kisha msomee mtu asiye wa afya, mhudumu wa usafi au mlinzi wa getini, na umwombe akueleze alichoelewa. Akikwama, sahihisha fomu. Kwa asiyejua kusoma weka nafasi ya dole gumba na ya shahidi.

Kama ni utafiti wa mafaili ya zamani, omba bayana kamati ikuruhusu kuendelea bila ridhaa ya kila mgonjwa, na utoe sababu: wengine wamehama, wengine wamefariki. Eleza jinsi utakavyoficha majina. Usiandike "taarifa zitakuwa siri" ukaishia hapo. Andika kwamba kila mgonjwa atapewa namba, kwamba orodha inayounganisha jina na namba itakaa mbali na data kwenye kompyuta yenye nywila, na kwamba itafutwa baada ya muda fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe daktari.

Maswali ya kamati yakirudi, usiyachukulie kama umekataliwa. Nakili kila swali, chini yake andika jibu, na utaje ukurasa ulipofanya marekebisho. Ukizoea hapa, wahakiki wa jarida hawatakutisha, maana utawajibu kwa mtindo huohuo.

Cheti kikifika, kisome mpaka chini

Cheti cha NIMR huwa na masharti, na madaktari wengi hulisoma jina lao tu wakakipiga picha. Kibali ni cha mwaka mmoja na huhuishwa kazi ikiendelea. Ripoti ya maendeleo hutolewa kila baada ya miezi sita kwa Wizara ya Afya, NIMR na waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Ruhusa ya kuchapisha matokeo huombwa NIMR. Nakala za makala iliyochapishwa hupelekwa wizarani na NIMR. Kuvunja masharti haya ni kosa linalotozwa faini kwa sheria ileile ya 1979. Weka tarehe za ripoti kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo.

Cheti hakikufungulii wodi peke yake. Kwa vituo vya halmashauri utapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa halmashauri, kisha Mganga Mkuu, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Beba nakala za kutosha zenye mihuri. Na ukishafika, kaa na muuguzi kiongozi wa wodi kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote. Yeye ndiye anayejua faili liko wapi.

Kama ni jaribio la tiba, lisajili kabla ya kumwandikisha mgonjwa wa kwanza. Sajili ya majaribio ya Afrika, PACTR, iko Cape Town na haitozi chochote. Majarida yanayofuata miongozo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yameweka sharti hili tangu 2005, na kusajili kwa kuchelewa kunaweza kukufungia mlango kabisa.

Kuandika

Yachukue yale majedwali matupu uyajaze. Anza na mbinu, kwa sababu zimo tayari kwenye andiko lako, ubadilishe tu "tutafanya" iwe "tulifanya", na uweke jina la kamati, namba ya kibali na tarehe. Kisha matokeo, kisha mjadala, kisha utangulizi. Ikisiri na kichwa cha makala viwe vya mwisho. Pembeni weka orodha ya ukaguzi inayolingana na aina ya utafiti: STROBE kwa utafiti wa kuchunguza bila kuingilia matibabu, CONSORT kwa jaribio linalogawa wagonjwa kwenye makundi kwa bahati nasibu, CARE kwa taarifa ya mgonjwa mmoja. Kwa hiyo ya mgonjwa mmoja, pata ridhaa yake ya maandishi ya kuchapisha, hata kama umeficha sura.

Majina ya waandishi mkubaliane mapema, kwa maandishi. Kwa mujibu wa ICMJE, mwandishi ni aliyetimiza mambo manne yote: alichangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi, aliandika au kuhakiki kwa kina, aliidhinisha toleo la mwisho, na anakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Mkuu wa idara aliyesaini barua tu anastahili shukrani mwishoni mwa makala. Najua ni vigumu kwa tarajali kumwambia hivyo bosi wake. Mwombe msimamizi wako aliseme yeye, na mliseme mwanzoni wakati hakuna aliyekasirika.

Kuchagua jarida na kupeleka

Muswada ukiwa tayari, omba ruhusa ya kuchapisha, kisha upeleke kwenye jarida moja tu kwa wakati mmoja. Tanzania Journal of Health Research hutolewa na NIMR yenyewe, na kupitia tovuti ya AJOL utayaona majarida mengi ya Afrika. Ukipata barua pepe inayokusifu kwa kukuita profesa na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu ukilipa, ifute. Jarida la kweli huhakiki, na uhakiki huchukua wiki au miezi. Kwa majarida yanayotoza waandishi, omba msamaha wa ada wakati ule ule unapopeleka makala, maana mengi hayapokei ombi hilo baada ya makala kukubaliwa. Jisajili pia ORCID, upate namba ya kukutambulisha kama mtafiti, bure, ili kazi yako isichanganywe na ya mwenye jina kama lako.

Ukikataliwa, soma sababu, lala usiku mmoja, rekebisha, tafuta jarida linalofuata. Makala ikitoka, peleka nakala wizarani na NIMR kama cheti kilivyoagiza. Nakala nyingine ichapishe kwenye karatasi umpelekee yule muuguzi kiongozi, na umwombe dakika kumi za kikao cha asubuhi ili uwaeleze wauguzi ni siku ngapi za kuchelewa zilizomgharimu mgonjwa mguu wake.