Kabla hujaacha Fizikia kidato cha tatu

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu ukifika katikati, wanafunzi huanza kubisha mlango wa mkuu wa idara ya sayansi. Ni wale waliochagua Fizikia kwa hiari yao mwisho wa kidato cha pili, wengi wakiwa na B au C+, na sasa ripoti imewarudia na D. Wanataka kuhamia Biashara, Kilimo au Jiografia. Baadhi yao wana haki kabisa ya kuhama. Wengi, kwa maoni yangu, wanaamua mapema mno, na wanaamua kwa kuitazama gredi peke yake. D haikuambii ni nini kilichokushinda, na bila kujua kilichokushinda huwezi kujua kama kinarekebishika.

Kwa hivyo kabla hujafungua mdomo mbele ya mwalimu, toa ile karatasi yako ya majibu uipitie swali baada ya swali, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Kando ya kila alama uliyoipoteza andika sababu yake: sikuelewa dhana yenyewe, nilielewa ila hesabu ikanishinda, nilisahau vipimo kama mita au sekunde, muda uliniishia, mada hii sikuisoma. Ni kazi ya jioni moja. Nimekaa mezani na wanafunzi wengi tukiifanya, na mara nyingi ile sababu ya kwanza, ambayo ndiyo ya kuhofiwa kweli, huwa si nyingi kama mwenyewe alivyodhani.

Chukua mada inayofungua kidato cha tatu, mwendo katika mstari mnyoofu. Swali la tepu ni la kawaida sana humo: kimashine kinapiga nukta 50 kwa sekunde kwenye tepu inayovutwa na kitu kinachosonga, kwa hivyo kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02. Unapewa kipande chenye nukta 11. Mwanafunzi anazidisha 11 kwa 0.02, anapata 0.22, kisha kasi inatoka vibaya, kasi ya mwisho inatoka vibaya, na sehemu zote za swali zinaharibika zikifuatana. Nukta 11 zina nafasi 10 kati yake. Muda ni sekunde 0.2. Akisahau pia kugeuza sentimita ziwe mita, swali zima limekwenda. Huyu hajashindwa na Fizikia. Amehesabu nukta badala ya nafasi, na kosa la aina hiyo huondoka kwa kufanya maswali kumi ya tepu mfululizo. Lakini anayetazama grafu ya kasi na muda asijue mteremko wake unamwambia nini, hata baada ya kuelezwa na walimu wawili tofauti, huyo ana jambo zito zaidi, na ni vizuri alijue mapema.

Pima pia Hisabati yako kando na Fizikia. Funga vitabu vyote, andika v² = u² + 2as, halafu ifanye a ibaki peke yake upande mmoja. Baada ya hapo chora grafu yenye pointi sita, vuta mstari unaozifaa zaidi, tafuta mteremko wake na utaje vipimo vyake. Ukikwama hapo, shida yako ni ya Hisabati, na kuacha Fizikia hakutakuondolea. Hisabati ni lazima kwa kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na utakuwa nayo mpaka siku ya mwisho. Nimeona watoto wakihama Fizikia, wakapumua muhula mmoja, kisha shida ileile ikawangoja kwenye Hisabati na kwenye hesabu za moli za Kemia. Afadhali kuirekebisha ungali na sababu ya kuifanyia mazoezi kila siku.

Kuna maneno yanayosemwa sana mabwenini na kwenye matatu, kwamba "ikiwa imekuwa hivi sasa, kidato cha nne itakuwaje?" Fungua silabasi ujionee. Kidato cha tatu ndicho kimebeba mzigo wa hesabu: kanuni za Newton, kazi na nishati na mashine, umeme, kiasi cha joto, sheria za gesi, moja juu ya nyingine. Kidato cha nne kina mada ngumu, sikatai, mwendo wa mduara na kuelea kwa vitu si mchezo. Ila kina pia miale ya eksirei, spektra ya sumakuumeme na mnururisho, ambazo mwanafunzi msomaji huzipata kwa kuelewa maelezo zaidi ya kukokotoa. Anayeondoka katikati ya kidato cha tatu anaondoka mahali penye mwinuko mkali zaidi.

Halafu kuna maabara, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wazazi wengi hawalijui. Mtihani wa Fizikia una karatasi tatu: mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40, yaani sehemu moja ya tano ya somo zima. Ni saa mbili na nusu, na dakika 15 za kwanza ni za kuisoma karatasi yote. Alama hizi hazihitaji kipaji. Zinahitaji mikono iliyozoea kuunganisha saketi, kusoma ameta bila kuinamisha kichwa, kujaza jedwali kwa idadi sahihi ya desimali. Basi jiulize: shuleni kwenu mnaingia maabara mara ngapi? Mkiingia, unagusa kifaa au unachungulia juu ya mabega ya wenzako tisa? Je, mna mwalimu wa Fizikia, au aliyepo anasaidia tu mpaka mwingine apatikane? Shule ikiwa haina maabara inayofanya kazi wala mwalimu wa kudumu, na hakuna dalili ya kubadilika, hiyo kwangu ni sababu nzito ya kuhama kuliko D yoyote. Mwanafunzi wa shule kama hiyo anayehama hajaogopa chochote.

Hesabu ya gredi nayo imebadilika, na bado kuna nyumba nyingi zinazoamua kwa kanuni za zamani. Tangu KCSE ya 2023, wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano uliyoyafanya vizuri zaidi. Jumla ni masomo saba, yaani hadi pointi 84. Kama unafanya masomo manane, moja lililo chini, mbali na Hisabati na lugha inayohesabiwa, linaachwa nje. Fizikia ikiwa ndiyo ya chini kabisa, haitakushusha wastani. Kama unafanya saba tu, kila moja linahesabiwa. Mwenye jumla ya pointi 44 akiwa na D+ ya Fizikia, yaani pointi 4, angepata C+ ya Biashara, pointi 7, angefika 47, na C+ ya wastani inayofungua mlango wa digrii huanzia 46. Hapo kuhama kuna maana. Lakini usijipe C+ ya Biashara kwa kuiwazia. Kama uliliacha somo hilo kidato cha pili, una mada za kufidia kabla hujafika walipo wenzako. Na kumbuka sayansi mbili ni lazima, kwa hivyo ukiacha Fizikia, Biolojia na Kemia haziguswi tena. Ikiwa Biolojia ndiyo inayokulemea zaidi, basi somo la kuacha si hili.

Swali la unataka kuwa nani linaulizwa na kila mtu, nami sitalirefusha. Uhandisi hauna njia ya kando: kundi lake la masomo ni Hisabati, Fizikia, Kemia na jingine moja. Udaktari ni tofauti na wanavyodhani wengi, kwa sababu Biolojia na Kemia ndizo lazima, na nafasi ya tatu hukubali Hisabati au Fizikia. Kozi kadhaa za kompyuta huitaja Fizikia, kwa hivyo usome masharti ya kozi yenyewe. Sheria, uanahabari na ualimu wa lugha haviulizi. Tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, inaonyesha masharti ya kila kozi. Ifungue kwa simu ya mzazi mkiwa mmekaa pamoja. Na usidharau stashahada, ambazo kwa kawaida huanzia wastani wa C-. Mwenye C- ya Fizikia anayependa umeme bado ana njia ya kuufikia kupitia taasisi za ufundi. Aliyeliacha somo kabisa huenda amejifungia njia hiyo.

Kisha hesabu saa zako kwa uaminifu. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayepanda matatu Kayole, Nairobi, kabla ya jua kuchomoza na kurudi saa moja jioni, akute vyombo na wadogo zake wakimsubiri, ana saa mbili za kusoma, akibahatika na umeme usipotee. Fizikia ikimeza saa moja na nusu kila usiku na bado haisogei, masomo mengine yanalipa deni lake. Andika kwa wiki moja unasoma nini na kwa muda gani. Nyumbani pakiwa na kelele, matawi ya maktaba ya Kaloleni na Makadara yanawafaa sana watoto wa Eastlands.

Ukishayajua haya ndipo uende kwa mwalimu wa Fizikia, peke yako, si na kundi la marafiki wanaotaka kuhama pamoja. Mpelekee ile karatasi. "Mwalimu, alama nyingi nimezipotezea kwenye grafu na kwenye vipimo. Naomba unipangie maswali ya wiki tatu, na tukimaliza uniambie ukweli kama unaona ninasogea." Mwalimu akisikia hivyo hujibu tofauti na anavyomjibu anayesema somo ni gumu. Akikwambia uhame, muulize kwa nini. Kuna shule zinazowaondoa wanafunzi dhaifu ili wastani wa somo uonekane vizuri, na hilo si jambo lako. Nyumbani, ikiwa baba ameshawaambia majirani ana injinia, mwonyeshe karatasi ileile na ile orodha ya saa. Mzazi akiona kazi iliyofanyika husikiliza zaidi ya anapoletewa machozi.

Ukiamua kubaki kwa majaribio, weka tarehe, tuseme mwisho wa muhula, na ubadilishe kitu kinachoonekana: maswali matano kila usiku, kikundi cha watu watatu, kuomba kukaa maabara Jumamosi. Kubaki bila kubadilisha chochote ni kuahirisha tu. Ukiamua kuhama, hama mapema ndani ya kidato cha tatu, chukua daftari za mada zilizokwishapita kwa mwenzako anayeandika vizuri, na usiingie darasa jipya ukijiona uliyeshindwa.

Mlango hufungwa KNEC, baraza la mitihani, inaposajili watahiniwa mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, na darasa litakalofanya KCSE 2027 ndilo la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, kwa hivyo kwa darasa hilo uamuzi haufai kuvutwa hadi dakika za mwisho. Orodha ya usajili ikiletwa darasani, soma misimbo yako mwenyewe kabla ya kutia sahihi: 232 ni Fizikia, 565 Biashara, 443 Kilimo, 312 Jiografia. Ukiona namba ya somo uliloliacha, sema siku hiyohiyo.