Jinsi ya Kuandika Wasifu wa William Henry Lewis

Unapoandika wasifu wa William Henry Lewis, mwanasheria mweusi wa Marekani aliyekuwa pia mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, anzia Virginia mwaka 1868, alikozaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, kwa sababu bila hilo msomaji hataona uzito wa unahodha wake wa timu ya futiboli katika chuo cha Amherst mwaka 1891.

Kisha eleza kazi ya mchezaji wa katikati katika futiboli ya Kimarekani: ndiye anayeinama juu ya mpira, akamrudishia mwenzake aliye nyuma, na papo hapo akapokea kishindo cha wapinzani. Lewis aliifanya kazi hiyo Harvard, akisomea sheria, akiwa na kilo zipatazo 79 tu. Mwaka 1892 na 1893 akateuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Hapa usiharakishe.

Miaka yake ya ukocha Harvard ielezee kwa kukisoma kitabu chake cha mbinu cha mwaka 1896, kinachoonyesha akili yake kuliko sifa za magazeti. Uteuzi wake serikalini chini ya Rais Taft utaje kwa ufupi, ila usiache kueleza jinsi viongozi wa chama cha mawakili cha Marekani walivyojaribu kumfukuza mwaka 1912 kwa sababu ya rangi yake.