Pawa ya betri Nairobi: namna ya kuichagua, kuichaji na kuifanyia kazi ukitoka kwenye petroli

Nimekata miti kwa pawa (msumeno wa cheni) ya petroli miaka tisa, kuanzia Kawangware ninakoishi hadi Karen na Runda, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa na ya betri pia. Zote mbili ziko stoo na zote zinanilisha. Ninaandika haya kwa fundi mwenzangu anayefikiria kununua, na kwa mwenye nyumba aliye na ua wa kayaba, miparachichi miwili na grevilea inayolalia paa la jirani. Kila wiki naulizwa lile lile: "Fundi, hiyo ya betri ina nguvu kweli, ama ni ya watoto?"

Ina nguvu. Pawa ya kwanza ya Andreas Stihl, kule Ujerumani mwaka 1926, ilikuwa ya umeme. Ya petroli ilifuata 1929. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni namna ya kupanda na stima mtini bila kuburuta waya. Sasa tunayo, ila ni stima ya kuhesabu. Ukiitumia kwa mazoea ya petroli, itakuacha juu ya ngazi saa nne asubuhi.

Hatua ya 1: Jua miti unayokata

Kwa wiki moja, andika kwenye daftari unene wa kila tawi unalokata. Mimi nilifanya hivyo kabla ya kununua, nikagundua kwamba nilikuwa nabeba pawa nzito hadi Kileleshwa na Lavington kukata matawi ambayo mengi hayafiki unene wa paja langu. Kazi za mitaani ndizo hizo: kupunguza mjakaranda unaojaza maua kwenye gata, kunyoosha ua, kushusha tawi la mparachichi lililopasuka kwa mvua ya Aprili. Tawi la sentimita 20 hadi 25, pawa ya betri yenye baa (kile chuma bapa ambacho cheni hukizunguka) ya sentimita 30 au 35 inalimaliza vizuri.

Lakini kama riziki yako ni kuangusha mikaratusi na kupasua mbao, baki na petroli. Stihl MS 381, ambayo mafundi wengi wanaijua, ina injini ya sentimita za ujazo 72.2 na nguvu ya kilowati 3.9. Kuifanya betri ivute kazi hiyo kutwa nzima utahitaji rundo la betri, na bei yake italipia petroli ya miezi mingi.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ya dukani haisemi, kwa sababu haikuandikiwa Nairobi. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Pawa iliyopimwa nguvu usawa wa bahari, ikifika Ngong Road imeshapoteza asilimia 15 au zaidi. Isitoshe, kabureta iliyosetiwa kwa hewa nzito hunywesha injini petroli kupita kiasi: moshi, plagi nyeusi, kamba unaivuta mpaka bega linauma. Fundi hukaza kidogo skrubu za L na H za kabureta ili kupunguza petroli, mambo yanatulia. Hatari huja ukipata kazi Mombasa ukaenda nayo hivyo hivyo. Kule chini hewa ni nzito, petroli inakuwa haba, pistoni inachemka na kukwaruzika. Pawa mpya za bei ya juu hujirekebisha zenyewe, lakini nyingi tulizo nazo mitaani haziwezi. Mota ya betri haihitaji hewa ya kuchomea mafuta, kwa hiyo nguvu yake Limuru ni ile ile ya Nyali kule Mombasa.

Hatua ya 2: Nunua betri kwanza, pawa baadaye

Usisome volti peke yake. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kwa maana hilo ndilo tangi lako. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 5 inabeba wati-saa 180. Ya volti 18 na ampea-saa 5 inabeba 90, yaani nusu, hata kama zinafanana kwa ukubwa. Kama tayari una drili au grenda ya betri, angalia kampuni hiyo hiyo kama inauza pawa. Makita, kwa mfano, wana pawa inayotumia betri mbili za volti 18 kwa pamoja, zile zile za drili. Hapo umeokoa pesa nyingi.

Panga bajeti ya betri mbili tangu siku ya kwanza. Betri moja ya ziada inaweza kukaribia nusu ya bei ya pawa yenyewe, na hiyo ndiyo gharama halisi ya mashine hizi. Stima yenyewe ni kidogo: kujaza wati-saa 180 hakufiki robo ya uniti, yaani chini ya shilingi kumi kwenye tokeni zako. Linganisha na petroli, ambayo mwaka 2025 ilicheza kati ya shilingi 170 na 190 kwa lita hapa Nairobi, na ambayo EPRA, mamlaka ya kawi, hubadilisha bei yake kila tarehe 14 ya mwezi. Ongeza oili ya kuchanganya, mililita 100 kwa kila lita tano za petroli kwa pawa nyingi za kisasa.

Ukinunua mtumba, geuza chaja usome maandishi ya chini. Mimi sikusoma. Chaja yangu ya kwanza ilikuwa ya soko la Marekani, volti 120 pekee, na mimi nikaichomeka kwenye ukuta wa volti 240 kwa adapta. Taa ya kijani iliwaka, ikasikika kama njugu inapasuka, halafu harufu ya plastiki ikajaa chumba. Nilikaa wiki tano nikitafuta chaja nyingine huku pawa ikinitazama. Tafuta maandishi "220-240V", au "100-240V".

Na kama ni binamu anakuletea kutoka ng'ambo kwa ndege, mwambie mapema: betri ya lithiamu iliyozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, iwe kwenye begi la mkononi au la chini. Pawa itafika, betri itabaki uwanjani.

Hatua ya 3: Panga chaji kama unavyopanga nauli

Chaji usiku, lakini usingoje saa tano ndipo uchomeke. Stima ikipotea usiku huo, kazi ya asubuhi imekwenda. Mimi huchomeka mara tu nifikapo nyumbani na betri ikishapoa. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto huharibika ukiichaji papo hapo, na chaja nzuri itakataa hadi ipoe. Iweke kivulini nusu saa. Usiiache kwenye dashibodi ya pikapu jua la Januari likiwaka.

Ukifika kwa mteja, omba soketi kabla ya kutoa ngazi. "Mama, naomba kuchaji betri moja wakati natumia nyingine." Sijawahi kunyimwa. Tena wengi hufurahi. Kuna mama mmoja wa Kileleshwa aliyetoka nje kwa kidole mdomoni kuniambia mtoto amelala, akakuta nimeshashusha matawi manne. Akauliza, "Fundi, umeanza?" Petroli hupita desibeli 100 sikioni mwa anayeishika. Ya betri si kimya, na vaa kinga ya masikio hata hivyo, lakini mtaa wa maghorofa unaweza kuivumilia.

Hatua ya 4: Noa cheni, kwa sababu cheni butu ndiyo inayokula chaji

Ukikumbuka jambo moja tu katika haya yote, liwe hili. Kwenye petroli, cheni ikiisha makali unakanyaga mafuta na kusukuma. Utachoka, lakini mti utakatika. Kwenye betri, kila ukisukuma, mota inavuta stima zaidi, betri inachemka, na kabla hujamaliza mti, taa za chaji kwenye betri imebaki moja.

Nilijifunza hili Lavington, kwenye grevilea tatu za kando ya ukuta. Kwa kawaida, betri yangu ya wati-saa 180 inanipa vipande kama 60 vya grevilea mbichi yenye unene wa sentimita 15. Siku hiyo betri ya kwanza iliisha kabla ya kipande cha 25, na ya pili ikaelekea huko huko. Nilidhani betri zimekufa. Kijana wangu ndiye aliyeokota kilichokuwa kikidondoka akanionyesha kiganjani: unga laini kama wa ugali. Cheni yenye makali hutoa vipande, kama nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Nilitazama meno nikaona matatu yameng'aa nchani, yamegonga msumari wa waya uliomezwa na mti miaka mingi. Dakika 15 za kunoa kwa tupa, na chaji iliyobaki kwenye betri ya pili ikamaliza mti mzima.

Namna ya kunoa:

Toa betri kwanza. Si kuzima, kuitoa. Bana baa kwenye jiriwa au kwenye kigogo ulichokipasua kidogo. Cheni nyingi za pawa ndogo huchukua tupa ya duara ya milimita 4, lakini zile za meno madogo zaidi huchukua 3.2, basi soma kijitabu kabla ya kwenda Kirinyaga Road kununua. Tafuta jino lililoisha zaidi uanze nalo, maana mengine yote lazima yafuate urefu wake. Shika tupa kwa pembe ya nyuzi 30, sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi. Usisugue kwenda na kurudi. Sukuma mara tatu au nne kila jino, idadi ile ile. Maliza upande mmoja, geuka, fanya mwingine. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, pawa itakata kwa kupinda kama ndizi.

Mbele ya kila jino kuna kidole cha chuma kinachopima jino liingie kiasi gani kwenye mti. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Baada ya kunoa mara nne au tano, kipunguze kwa tupa bapa ukitumia kipimo chake. Kukipunguza kwa kukisia ni hatari: jino linauma mti kwa pupa na pawa inaruka.

Mimi hunoa kila nikibadilisha betri. Ni kusukuma tupa mara mbili tu kila jino, na mkono unapumzika.

Hatua ya 5: Oili bado inahitajika

Wengi hudhani ya betri haina habari ya oili. Haina ya kuchanganya na petroli, lakini cheni yake inateleza juu ya baa vile vile na tangi lake lazima lijae. Tafadhali usiweke oili chafu ya gari. Ina vumbi la chuma linaloziba pampu ndogo ya mashine hizi, na inarushwa yote kwenye sukuma wiki ya mteja. Tumia oili ya cheni. Kujaribu, elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe, washa sekunde chache: lazima uone mstari wa matone.

Angalia pia kaza ya cheni. Ivute katikati ya baa kisha uiachilie. Irudi yenyewe, na iweze kuzungushwa kwa mkono wenye glavu.

Hatua ya 6: Kata

Kukata mti mzima kunahitaji kibali cha kaunti. Muulize mteja kabla hujashusha vifaa. Tawi likiwa karibu na nyaya za stima, simama, Kenya Power waitwe.

Pawa ya betri haina mlio wa kukuonya. Imenyamaza lakini iko hai, na kidole kikigusa swichi cheni inazunguka mara moja. Kila ukipanda, ukishuka au ukimpa mwenzako, weka breki ya cheni. Suruali ya kinga nayo ivaliwe, lakini ujue kwamba nyuzi zake zimetengenezwa kuzima cheni ya petroli. Mota ya umeme inaendelea kuvuta kwa nguvu hata ikikwama, kwa hiyo usiitegemee kama ukuta.

Tawi zito likate mara tatu. Kwanza chini, theluthi moja ya unene, nusu mita kutoka shinani. Pili juu, mbele kidogo ya ulipokata, tawi lianguke bila kuchana gome. Tatu, kisiki kilichobaki, nje tu ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Uvimbe huo ndio mti hutumia kufunga kidonda. Ukiukata, kuoza kunaingia shinani. Acha cheni ijiingize kwa uzito wake. Ncha ya juu ya baa isiguse kitu, kwa maana hapo ndipo pawa hurushwa usoni.

Hatua ya 7: Baada ya kazi

Toa betri, piga vumbi kwa brashi, legeza cheni kidogo kwa sababu chuma kikipoa kinajikaza. Kama hutaitumia mwezi mzima, betri ikae na chaji nusu, mahali pakavu na penye ubaridi. Ya petroli, mwaga tangi kisha iwashe hadi izimike yenyewe, kabureta ikauke. Tupa nazifunga kwenye kitambaa kikavu, na zinalala mfuko mmoja na betri, ili nisitoke asubuhi na moja bila nyingine.