Habu kuukuu ya gia mbili kwenye baiskeli ya njia mbovu: kuifufua na kuifunga

Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya aina hii ina gia mbili na breki ya nyuma ndani ya ganda moja. Ukirudisha pedali nyuma kidogo, chini ya robo mzunguko, gia inabadilika. Ukiendelea kukandamiza kwenda nyuma, breki inashika. Haina waya wala kitu cha kuning'inia kikanaswa na mgunga, na vumbi la Dodoma haliingii ndani kirahisi kama linavyokula mnyororo na vigurudumu vya gia za nje. Ila ikiwa imekaa miaka mingi bila kutumika, usiifunge kama ilivyo. Baiskeli nyingi za namna hii zinalaumiwa gia wakati tatizo ni grisi iliyoganda.

Hatua ya 1: Ijue habu uliyonayo

Zinazopatikana kwenye baiskeli za mitumba ni hasa Torpedo Duomatic ya Fichtel & Sachs kutoka Ujerumani, mara nyingi kwenye baiskeli ndogo za kukunja za magurudumu ya inchi 20. Ya Marekani, Bendix Automatic, ni adimu zaidi. Itambue kwa mistari ya rangi kwenye ganda: mistari myekundu ina gia ya kawaida na nyingine nyepesi kuliko hiyo, ya njano na ya bluu ina gia ya kawaida na nyingine nzito zaidi. Duomatic nayo ina ya kawaida na nzito, na hiyo nzito ni mara 1.36.

Usiamini rangi pekee, maana maganda na viungo vya ndani hubadilishwa. Piga alama ya chaki kwenye ganda, zungusha sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) mara 10 kamili, hesabu ganda limezunguka mara ngapi. Gia ya kawaida itakupa 10. Duomatic kwenye gia nzito itakupa 13 na nusu hivi. Kama gia haibadiliki kabisa, pima baada ya kuosha.

Hesabu pia mashimo ya spoki sasa hivi. Habu za baiskeli za kukunja huwa na 28, nyingine 36. Ringi ya nyuma ya baiskeli za kawaida za inchi 28 zilizozoeleka kwetu ina mashimo 40, na ya mbele 32, kwa hiyo zote mbili hazifai. Tafuta ringi ya inchi 26 ya mashimo 36 kutoka baiskeli ya mlima ya zamani. Habu ya mashimo 28 iache kwa gurudumu dogo, usiibebeshe mtu na gunia kwenye makorongo.

Hatua ya 2: Kufungua, kuosha na kupaka

Hapa ndipo siku inapoishia, kwa hiyo usianze saa kumi jioni. Na usifanyie nje. Kiangazi upepo wa Dodoma unabeba mchanga mwembamba hadi ndani ya bakuli la gololi. Fanyia chumbani, juu ya kitambaa cheupe, ili kitakachodondoka ukione.

Unahitaji spana bapa za koni (nati za ekseli zenye njia ya gololi), jiriwa, bisibisi mbili nyembamba, mafuta ya taa lita 1, brashi ya meno ya zamani, grisi ya beringi za magari ile ya kuhimili joto, na oili ya cherehani. Spana malaya isiguse koni. Inateleza, inamung'unya kona, na koni ya habu hizi huipati duka la jirani. Nati za ekseli nazo zitie kwenye kopo lake peke yake, kwa sababu nyuzi zake si sawa na za ekseli tulizozoea. Ukilazimisha nati nyingine unaharibu ekseli.

Bana ekseli kwenye jiriwa, upande wa sproketi ukiwa chini, ukiwa umezungushia nyuzi kipande cha bati laini au mbao. Fungua mkono wa breki, ule ubapa wa chuma unaofungwa kwenye fremu. Kila kinachotoka kipange kwenye kitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, kikiangalia upande uleule kilioutazama ndani ya habu, na kipige picha kabla ya kukigusa tena. Picha ya kila tabaka, siyo moja ya rundo. Viungo viwili vinavyofanana kwa umbo vikigeuzwa, habu itafunga vizuri tu, na itakataa kubadilisha gia. Gololi zihesabu kabla ya kuosha, upande mmoja mmoja.

Osha kwa mafuta ya taa. Petroli inasafisha haraka zaidi lakini chumba kilichofungwa na petroli havikai pamoja. Loweka usiku kucha kama grisi imekuwa kama ulimbo, kisha piga brashi hadi mafuta yanayotoka yawe meupe. Sasa kagua haya manne, na ukague kwa mwanga wa jua:

Kucha, yaani vile vidole vidogo vinavyoshika meno ya ndani. Kila kucha ikibonyezwa lazima irudi juu yenyewe, mara moja. Ikirudi polepole, bado ina uchafu kwenye mhimili wake au springi yake imechoka. Kucha inayochelewa ndiyo inayofanya pedali ikuachie ghafla ukiwa umesimama unapanda, na goti likagonga usukani. Ncha zikiwa zimelika na kuwa duara, habu hiyo ni ya vipuri tu.

Springi ya msuguano. Kazi yake ni kuzuia kiungo cha breki kisizunguke ovyo, ili ukirudisha pedali nyuma kipate pa kuegemea. Ikilegea hupati breki, na kwa habu hizi hupati na gia. Mafundi wengi huivuta kwa koleo ili "ikaze". Usifanye hivyo. Ikishapoteza umbo lake inakwaruza au inavunjika, na kipande chake kinasaga kila kitu. Ikiwa imelegea, tafuta ya habu nyingine ya aina ileile.

Viatu vya breki na ukuta wa ndani wa ganda. Vikiwa vimeng'aa kama kioo, vipitishe msasa namba 120 kidogo tu, kukwaruza uso bila kuula. Ganda likiwa na mfereji unaoshika ukucha, breki itakuwa ya kushtuka siku zote.

Njia za gololi kwenye koni. Vishimo vidogo vinavumilika, magamba yanayobanduka hayavumiliki.

Kupaka ndiko watu wanakokosea hata baada ya kuosha vizuri. Grisi nzito isiguse kucha. Inazigandisha, hasa asubuhi za Juni na Julai kukiwa na baridi, na unarudi pale ulipoanzia. Kucha na springi zake zipate oili ya cherehani, matone mawili matatu. Gia ndogo za ndani zipate grisi nyembamba kama rangi iliyopakwa. Gololi na viatu vya breki vipate grisi kwa ukarimu. Ndiyo, viatu vya breki vinataka grisi; vikikauka vinapiga mayowe na kushika ghafla. Iwe ya kuhimili joto, kwa sababu breki hii inachemka. Kule Kalifonia, vijana walioshindana kushuka mlima kwa baiskeli za breki za namna hii, kuanzia tarehe 21 Oktoba 1976, waliita njia yao Repack, yaani "jaza upya": mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 na kidogo uliichoma grisi ikatoka moshi, na habu ikabidi ijazwe upya.

Rudisha viungo kwa kufuata picha kinyumenyume. Kisha koni. Kaza hadi mchezo (kutikisika kwa ekseli) uishe, halafu legeza kidogo kidogo. Shika gurudumu (au ganda, kama hujasuka) kwa ekseli. Likiwa gurudumu kamili, valvu iteremke chini yenyewe kwa uzito wake na ringi iwe na mchezo mdogo sana, wa kuhisi kuliko kuona. Koni ikibana mno, pedali zinazunguka zenyewe wakati unaserereka na mnyororo unalegea juu. Ikilegea mno, gia inaruka. Kila mara ukikaza nati ya kufunga, koni inasogea, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza, siyo kabla. Huenda ukarudia mara tano.

Hatua ya 3: Fremu

Chuma, na nafasi za ekseli ziwe za kulala au za mteremko ili gurudumu lisogee nyuma kukaza mnyororo. Fremu ambayo nafasi zake zimesimama wima iache. Vigurudumu vya kukaza mnyororo haviruhusiwi hapa, kwa sababu breki inavuta mnyororo upande wa chini na itavikunja.

Fremu ya baiskeli ya kawaida ya inchi 28 inavutia kwa ugumu wake, lakini ukiiwekea magurudumu ya 26 ekseli ya pedali inashuka kama sentimita 2, na pedali zinaanza kugonga mawe. Fremu ya baiskeli ya mlima ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990 ni bora.

Fremu hizo ni pana kuliko habu. Jaza washa pande zote mbili kwa usawa, mradi nati ishike nyuzi za ekseli kwa unene wake wote. Zisipotosha, fremu ya chuma unaweza kuibana milimita chache kila upande. Ya aluminiamu usiiguse.

Hatua ya 4: Kusuka gurudumu

Suka kama gurudumu lolote la mashimo 36, misalaba mitatu, yaani kila spoki ikatane na nyingine tatu. Urefu wa spoki upate kwa kupima, maana spoki za ringi ya 28 ni ndefu mno. Chukua nusu ya kipenyo cha ringi mpaka pale kinati cha spoki kinapokaa (R), nusu ya kipenyo cha duara la mashimo kwenye habu (r), na umbali wa flanji (ukingo wa habu wenye mashimo ya spoki) kutoka katikati ya habu (w). Urefu ni kipeuo cha pili cha R×R + r×r + w×w − R×r, halafu toa milimita 1. Mfano: R 269, r 29, w 30 inatoa 257.5, kwa hiyo spoki ya 256. Hesabu hii ni ya mashimo 36 na misalaba mitatu tu. Spoki ziwe za unene wa milimita 2.

Ringi iwe katikati ya nati mbili za ekseli, pamoja na washa zake, siyo katikati ya flanji.

Hatua ya 5: Sproketi na mnyororo

Kwa habu yenye gia ya kawaida na nzito, panga sproketi ili ile ya kawaida iwe ya kupandia na ya mchangani. Meno 36 mbele na 22 nyuma, tairi la 26 × 2.1: kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 3.4 kwenye gia nyepesi na 4.6 kwenye nzito. Ukiweka 48 kwa 20 za baiskeli ya kawaida unapata karibu mita 5 na 6.8, na mchanga wa Mvumi utakushusha ukasukume.

Sproketi ndogo mbele ina faida nyingine: mguu unaikandamiza breki kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mkono wa breki, hatua inayofuata, lazima uwe imara.

Sproketi ya Duomatic inakaa kwa vijino vitatu na kushikwa na ringi ya waya, kama za habu nyingi za Sturmey-Archer na Shimano za breki ya pedali. Ikiwa imepinda kidogo katikati, kuigeuza kunahamisha mstari wa mnyororo. Tumia hilo kuulinganisha na sproketi ya mbele. Mnyororo uwe mpana, wa nusu inchi kwa 1/8. Unapita kwenye sproketi nyembamba bila shida. Mwembamba kwenye sproketi pana haupiti. Katikati ya mnyororo ucheze milimita 10 hadi 15, ukipima mahali unapokaza zaidi pedali zikizunguka.

Oili chafu ya gari usiipake hapa. Inakusanya mchanga na kuwa msasa.

Hatua ya 6: Mkono wa breki

Funga kwenye bomba la chini la nyuma, kushoto, kwa ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 2 na boliti ya milimita 6 yenye nati ya kujifunga. Siyo waya, siyo mpira, siyo kibano cha bomba la maji. Mkono usipindwe kufuata fremu. Ukanda ndio uufuate mkono. Shika boliti kwa vidole kwanza, kaza nati za ekseli, ndipo ukaze boliti. Ukianza na boliti, unavuta ekseli upande na koni inabana.

Hatua ya 7: Breki ya mbele

Weka. Mnyororo ukikatika au ukichomoka huna breki ya nyuma, wala huna gia. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kiboriani, Mpwapwa, zitumie kwa zamu ili habu ipoe.

Hatua ya 8: Matairi

Adui ni mbigili na miiba ya migunga. Kata tairi la zamani lililolika, toa kingo zenye waya, punguza makali ya pembeni kwa kisu ili yasikate tyubu, kisha lilaze ndani ya tairi jipya. Uzito unaongezeka, lakini unafika. Kwenye mchanga punguza upepo hadi kama 25 psi kwa mtu wa kilo 70.

Kujaribu

Ning'iniza baiskeli, zungusha, rudisha pedali nyuma kidogo mara 20. Gia ibadilike mara zote 20. Ikikosa, rudi kwenye koni kwanza, kisha kwenye kucha.

Barabarani kumbuka kwamba kila ukifunga breki umeshabadilisha gia pia. Ukishuka korongo ukashika breki mara moja, utakuta gia nyingine unapoanza kupanda upande wa pili. Kabla ya kukanyaga kwa nguvu, gusa nyuma tena kidogo. Usikandamize huku unarudisha. Toa uzito mguuni, rudisha, ndipo ukanyage.

Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena boliti ya mkono wa breki na upime koni. Ukivuka matope meusi ya Bahi wakati wa masika hadi yakafunika habu, usingoje ratiba: ifungue, ioshe, ipake upya wiki hiyohiyo.