Namna ya kupima mfuko wa hatifungani za riba kubwa kabla hujanunua vipande

Mfuko ukitangaza kwamba unalipa asilimia 8 wakati hatifungani za serikali ya Marekani zinalipa 4, usianze kwa kujiuliza kama 8 ni nyingi. Jiulize nani anayelipa hizo 4 za ziada, na hushindwa kulipa mara ngapi.

Wanaolipa ni kampuni zilizopewa daraja la BB+ kushuka chini na S&P au Fitch, au Ba1 kushuka chini na Moody's. Hao watatu ni wapimaji wa uwezo wa kampuni kulipa madeni, na daraja likishuka hatari hupanda. Sokoni huitwa hatifungani taka. Kwenye vipeperushi vya mauzo huitwa za riba kubwa. Kapu ni lile lile, na ndani yake mna kampuni ya BB isiyowahi kuchelewesha riba, na kampuni ya CCC inayokopa leo ili ilipe deni la jana. Hata Ford ilishushwa na S&P hadi kwenye kapu hili Machi 2020, ikatoka Oktoba 2023.

Mwongozo huu ni wa mifuko ya wazi ya Marekani, yaani ile inayouza na kununua tena vipande vyake yenyewe. Aliyezoea mifuko ya Dar es Salaam au Nairobi, ambayo kwa kawaida huegemea hatifungani za serikali, atakuta vipande na thamani halisi ya kipande vinahesabiwa kwa njia anayoijua. Hatari ndiyo haifanani.

Utahitaji nyaraka tatu, zote za bure: waraka wa matarajio (prospectus, unaoeleza sera, ada na hatari za mfuko), ripoti ya nusu mwaka, na fomu ya N-PORT, orodha ya kila kinachomilikiwa na mfuko, iliyoko kwenye hazina ya EDGAR ya SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Ukurasa wa mfuko wenyewe usome mwisho, maana umeandikwa na wauzaji.

Mavuno yapi hasa?

Utakutana na tarakimu tatu zinazofanana sura. Ya kwanza ni mgao: fedha zilizolipwa kwa miezi 12 ukigawa kwa bei ya kipande. Hii hupambwa kirahisi, kwa sababu mfuko unaweza kununua hatifungani za riba kubwa kwa bei iliyozidi 100 (kiasi kitakachorudishwa deni likiiva), ukagawa riba yote, huku mtaji ukiliwa kidogo kidogo. Ya pili ni mavuno ya SEC ya siku 30. Kanuni yake ni moja kwa mifuko yote, huzingatia bei ya leo ya hatifungani na hutoa gharama za uendeshaji. Linganisha mifuko kwa hii. Ya tatu huitwa mavuno ya hali mbaya zaidi, na jina lake limewaponza wengi. Ubaya unaosemwa hapo ni kampuni kuwahi kulipa deni kabla ya kuiva, basi. Kampuni kushindwa kulipa kabisa hakumo kwenye hesabu hiyo.

Mgao ukizidi mavuno ya SEC kwa zaidi ya pointi moja ya asilimia, nenda kwenye jedwali la thamani ya kipande la miaka mitano lililo nyuma ya waraka wa matarajio. Tuseme kipande kilikuwa dola 10.00 na sasa ni 8.60, na kila mwaka kimelipa senti 70. Umepokea 3.50, umepoteza 1.40, umebaki na faida ya 2.10 juu ya 10. Hiyo ni asilimia 21 kwa miaka mitano, karibu 3.9 kwa mwaka. Tangazo lilisema 7, na kwa upande wake halikudanganya.

Kata hasara kabla hujashangilia

Kwa muda mrefu, kampuni za kapu hili nchini Marekani zimeshindwa kulipa kwa wastani wa karibu asilimia 4 kwa mwaka, na mwenye hatifungani isiyo na dhamana amekuwa akiokoa karibu senti 40 kwa kila dola. Basi hasara ya kawaida ni 4 mara 0.6, yaani asilimia 2.4 kwa mwaka. Mfuko wenye mavuno ya SEC ya 7.2 unabaki na 4.8. Kama hatifungani ya serikali ya muda unaolingana inalipa 4, malipo yako kwa kubeba hofu yote hiyo ni 0.8. Wakati mwingine yanatosha, wakati mwingine ni dhihaka.

Wastani huo usiuchukulie kama mshahara unaokatwa kila mwezi kwa usawa. Kushindwa kulipa huja kwa makundi: miaka mitatu kimya, kisha mwaka mmoja wa kilio. Na hauwezi kuvaliwa na kila mfuko. Uliojaa BB uuwekee asilimia 1 hadi 2 ya kushindwa. Uliojaa CCC upandishe hadi tarakimu mbili, halafu urudie hesabu. Mara nyingi mfuko wa asilimia 9 hutoka ukiwa chini ya ule wa 6.5.

Kwa hiyo tafuta mgawanyo wa madaraja. CCC na zisizo na daraja zikifika robo ya mfuko, unanunua kitu kilicho karibu na hisa. Usikubali kirahisi kwamba "zisizo na daraja" ni kampuni nzuri zilizokwepa ada ya kupimwa. Zipo, lakini nyingi ziko hapo kwa sababu daraja lingewaaibisha. Angalia pia kampuni kumi kubwa za mfuko na sekta zake. Mifuko iliyoegemea mafuta ilijua maana ya jambo hili mwaka 2015, bei ya pipa ilipoporomoka.

N-PORT ndiyo inayosema yasiyosemwa kwenye vipeperushi. Kwa kila hatifungani inataja kama mkopaji ameshindwa kulipa, kama kuna riba iliyochelewa, na kama riba inalipwa kwa kuongeza deni badala ya fedha taslimu. Hilo la mwisho lichunguze sana. Kampuni inayokulipa kwa karatasi nyingine ya deni inaingia kwenye hesabu za mfuko kama mapato, na mkononi hujapata kitu.

Bei itatikisika kiasi gani

Chukua duresheni ya mfuko, kipimo cha jinsi bei inavyoitikia riba. Kwa mifuko hii huwa kati ya 3 na 4. Ikiwa ni 3.2, riba za serikali zikipanda pointi moja, bei hushuka takriban asilimia 3.2. Wengi huishia hapo na kulala usingizi, kumbe tishio kubwa ni pengo, yaani ziada ya mavuno juu ya hatifungani za serikali. Pengo la soko zima huchapishwa kila siku ya kazi kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Marekani tawi la St. Louis, kwa faharisi ya ICE BofA, kipimo cha soko zima la hatifungani hizi. Desemba 2008 lilifika asilimia 21.82. Tarehe 23 Machi 2020 lilifika 10.87. Nyakati za shibe hushuka chini ya 3.

Fanya jaribio hili: pengo likitoka 3.5 kwenda 8, kwa mfuko ambao bei yake huitikia pengo kwa kiasi cha 3.5, zidisha 4.5 kwa 3.5. Bei inashuka karibu asilimia 16. Uliweka dola 10,000, unaona 8,400 kwenye skrini. Kama utauza siku hiyo, mfuko huu si wako, hata uwe bora namna gani.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria, na hukosea kwa upande usiokufaa. Mambo yakiwa mazuri kampuni hulipa madeni mapema na kukopa upya kwa nafuu, kwa hiyo bei haipandi sana juu ya 100. Mambo yakiwa mabaya hazilipi mapema, deni hurefuka, na bei hushuka kuliko ulivyopiga.

Soma miaka mibaya

Mapato ya wastani ya miaka 10 hayatoshi, na nyota za wachambuzi hazitoshi zaidi. Waraka wa matarajio una chati ya mapato ya kila mwaka wa kalenda, na umetaja robo mwaka bora na mbaya kuliko zote. Anza na ile mbaya. Kisha chukua mfuko na faharisi, uviweke bega kwa bega katika miaka ya 2008, 2015, 2020 na 2022.

Miaka hiyo haikuumiza kwa njia moja. 2008 ulikuwa mwaka wa mikopo kuogopwa. 2022 riba za serikali zilipanda kwa kasi, na faharisi ya ICE BofA ikapoteza karibu asilimia 11 ingawa kampuni chache zilishindwa kulipa. Mwaka 2020 ukiusoma kwa jumla ya mwaka utaona utulivu wa uongo, kwa sababu soko lilianguka Machi likainuka kabla ya Desemba. Tumia mapato ya mwezi.

Mfano mzuri ni Vanguard High-Yield Corporate, mfuko ulioanza mwaka 1978 na ambao kwa desturi huegemea BB na kukwepa CCC. Mwaka 2008 ulishuka karibu asilimia 21, faharisi ikashuka 26. Mwaka 2009 mfuko ulipanda karibu 39, faharisi ikapaa zaidi ya 57. Dola 10,000 za mfuko zilikwenda hadi kama 7,900 zikarudi karibu 10,950. Za faharisi zilikwenda 7,360 zikarudi karibu 11,590. Mwangalifu alipata kidogo na akaumia kidogo, na hivyo ndivyo alivyoahidi. Wa kuogopa ni mfuko unaojiita mwangalifu halafu ukashuka kuliko faharisi, au uliochukua anguko lote na kupata nusu tu ya kupanda.

Hakikisha faharisi ni ya jamii yake. Mfuko wenye asilimia 10 za hisa na 15 za mikopo ya benki, ukilinganishwa na hatifungani tupu katika miaka ya neema, utaonekana una msimamizi mwenye akili nyingi. Angalia pia tarehe msimamizi aliyopewa kazi. Rekodi ya aliyeondoka haikusaidii.

Kuhusu takwimu za kitaalamu: mkengeuko wa mapato (jinsi yanavyopanda na kushuka) na uwiano wa Sharpe (mapato ya ziada kwa kila kiasi cha mtikisiko) hupunguza ukali wa mambo kwenye mifuko hii. Hatifungani nyingi haziuzwi kila siku, kwa hiyo bei ya jioni ni makisio ya kampuni za kukadiria bei, na makisio husogea polepole kuliko ukweli. Anguko kubwa kabisa kutoka kilele hadi bondeni linakwambia zaidi, pamoja na miezi iliyopita kabla mfuko kurudi kileleni.

Mlango wa kutokea

Sheria ya Marekani inautaka mfuko wa wazi ukulipe ndani ya siku saba ukidai fedha zako. Hatifungani ya kampuni inayoyumba inaweza isipate mnunuzi kwa siku saba, na mikopo ya benki mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kukamilisha mauzo. Hapo ndipo mfuko unapokwama. Desemba 2015 Third Avenue Focused Credit Fund ilisimamisha malipo kwa wanaotoka, ikiwa imebakiwa na takriban dola milioni 789. Ilikuwa imejaa madeni ya daraja la chini kabisa na yasiyo na daraja. Waliowahi kutoka walilipwa kwa kuuza vilivyouzika, wa mwisho wakaachiwa makapi.

Mwaka uliofuata SEC ilipitisha kanuni inayozuia mfuko kuweka zaidi ya asilimia 15 ya mali yake kwenye vitu visivyouzika. Kumi na tano ni nyingi mno kwa mfuko huu. Fungua N-PORT uhesabu zilizoandikwa ngazi ya 3, ambazo bei yake imetokana na makadirio yasiyo na ushahidi wa sokoni. Zikipita asilimia 5, au zikipanda ripoti hadi ripoti huku ukubwa wa mfuko ukipungua, usiingie. Kama umo, toka ukiwa bado unaweza. Fedha taslimu na hatifungani za serikali zikiwa asilimia 3 hadi 5 ya mfuko, ni dalili ya msimamizi anayejua kwamba wateja hukimbia pamoja.

Ada na kodi

Kwenye faida halisi ya 4.8, tofauti ya ada ya 0.2 na 1.0 ni sehemu ya sita ya chakula chako. Mavuno ya SEC yameshatoa ada ya mwaka, lakini hayajatoa tozo ya kuingilia. Tozo ya asilimia 4 inageuza 10,000 kuwa 9,600, na kwa mapato ya 5 kwa mwaka utahitaji miezi kumi kurudi ulipoanzia. Tafuta aina ya vipande vya mfuko huo huo isiyo na tozo hiyo, na mara nyingi ipo.

Kwa anayeishi Marekani, riba hizi hutozwa kodi kama mapato ya kawaida, kwa hiyo mfuko hukaa vizuri ndani ya akaunti ya kustaafu ya IRA au 401(k). Ukiupangia nafasi, ukate kutoka fungu la hisa. Fungu la hatifungani salama liache lilivyo, maana hisa zikianguka huu nao huanguka, na fedha ya ada ya shule ya Januari haikai humu.

Kila miezi sita rudia mambo manne: sehemu ya CCC, ngazi ya 3, ukubwa wa mfuko, na jina la msimamizi. Mawili yakibadilika kwa mpigo, piga hesabu yote upya kama vile huna hata kipande kimoja.