Kabla Hujafunga AC Kwenye Datsun Z Yako: Mambo ya Kuangalia

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, na tangu hapo wenye Z hapa kwetu hawaambiliki. Ukimwambia mtu gari lake litachemsha anakujibu, "Hii ilishinda Safari." Ndiyo, ilishinda ikiwa mpya, na nyuma yake kulikuwa na mafundi wa kiwanda na spea za kumwaga. Yako ina miaka hamsini na kitu, imepita kwa mafundi usiowajua hata majina, na sasa unataka kuifunga AC uteremke nayo Mombasa na mama watoto. Sawa, funga. Ila AC iwe kazi ya mwisho. Ukianza nayo utailipia mara mbili.

Sababu ni hii: kondensa ya AC inakaa mbele ya rejeta. Joto lote linaloondolewa ndani ya gari linatokea pale, na upepo unalisukuma moja kwa moja kwenye rejeta. Juu ya hapo kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, inaiongezea injini kazi. Kwa hiyo gari ambalo bila AC sindano yake ya joto inakaa katikati, ukiliwashia AC mchana kwenye foleni ya Mlolongo, litakuonyesha kila kitu ambacho fundi alikificha.

Mipira ya rejeta: ibinye injini ikiwa baridi. Imelegea, imevimba au inalia kwa ndani, badilisha yote, na usisahau ile miwili myembamba ya hita nyuma ya injini, kwa sababu kila mtu huisahau. Klipu ziwe mpya.

Mkanda wa feni: ukiona mipasuko, toa. Wa zamani uweke kwenye buti.

Pampu ya maji: shika feni uitikise. Ikicheza, au ukiona michirizi ya kutu chini ya kile kitundu kidogo cha pampu, usibishane nayo.

Kava la feni, lile linaloizunguka nyuma ya rejeta: watu wengi walilitupa zamani ili wapate nafasi ya kufungulia. Litafute. Bila hilo, gari likisimama feni inavuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta vilevile. Ukiamua kuweka feni za umeme, kwanza jiulize kama alteneta ya zamani itaweza feni, taa na kipulizia cha AC kwa pamoja usiku wa mvua.

Rejeta yenyewe ni ya shaba, na hilo ni jambo jema, maana inachomeleka na inazibuka. Mpelekee fundi rejeta afungue tangi la juu na kupitisha bapa kwenye kila mrija. Kabla ya hapo, injini ikiwa ya moto, imulike kwa kipimajoto cha mwanga: sehemu zilizo baridi katikati ya sehemu za moto ndiyo mirija iliyoziba. Dawa za kuziba matundu zinazouzwa barabarani, na zile tiba za mayai na manjano, zinaziba tundu na mirija pia. Achana nazo.

Maji: bloku ya injini ile ni ya chuma na silinda hedi ni ya alumini. Ukizikutanisha kwa maji ya kisima, hasa yale ya Pwani yenye chumvi, alumini italiwa polepole bila wewe kuona kitu. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji safi yale ya kuongezea betri. Nasema maji, sisemi asidi. Dukani sema vizuri unachotaka.

Kifuniko cha rejeta ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kifuniko cha Z kinashikilia shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, na kikiwa kizima kinasogeza kuchemka hadi kama nyuzi 115. Kikiwa kimekufa raba, umerudi kwenye 95, na injini yenye themostati (ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto) ya nyuzi 82 haina nafasi kubwa ya kupumua hapo. Kama yako haina chupa ya akiba, na Z nyingi za mwanzo hazina, maji yanayozidi yanamwagika barabarani na hayarudi. Ifungie chupa.

Sasa themostati. Hapa nitakaa kidogo.

Mafundi wetu wana mazoea ya kuitoa. Gari likichemsha, dawa ya kwanza ni hiyo: "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, tuitoe." Si kweli. Datsun wenyewe walikuwa na ya nyuzi 76.5 kwa nchi za joto, na ya 82 kwa hali ya kawaida. Waliijua Afrika. Ukiitoa, asubuhi za Limuru injini haipati joto lake, kabureta inamwaga mafuta mengi, oili inakuwa nyepesi. Na baya zaidi, sindano inashuka, na wewe unadhani umepona.

Kuna jamaa mwenye 240Z nyeupe, safi kuliko nyingi nilizoona. Alitolewa themostati namna hiyo, sindano ikawa inalala chini, akafurahi, akafunga AC. Rejeta hakuna aliyeigusa. Baadaye ilikutwa karibu nusu ya mirija imejaa tope la kutu. Tulikuwa tunapanda kutoka Mombasa, mimi nyuma yake na gari la kawaida. Tulipopita Voi jua lilikuwa kali, AC yake iko juu, mbele yetu msururu wa malori. Sindano, alivyotusimulia, ikaanza kupanda. Akazima AC, akafungua dirisha, ikatulia kidogo, ikapanda tena mpaka karibu na mwisho.

Mimi kutoka nyuma nikaona mstari wa maji kwenye lami, umenyooka kabisa katikati ya magurudumu yake. Ukaenda hivyo kwa muda, halafu ukakatika. Nikamwashia taa. Akatoa mkono dirishani akanionyesha dole gumba.

Kwa sababu wakati huohuo sindano yake ilikuwa imeanguka. Imeshuka yenyewe, kwa mkupuo, hadi kwenye baridi. Akaona Mungu ni mwema, akapita lori.

Kihisi cha geji kimefungwa mbele, kwenye njia ya maji. Kinapima kile kinachokigusa. Maji yakiwepo kinapima maji. Maji yakiisha kinaning'inia kwenye hewa na mvuke, na hakina tena joto la kweli la kukuambia. Injini inaungua na geji inasema baridi. Alifika karibu na Mtito Andei ndipo nguvu ikapotea na injini ikaanza kugonga. Tulipofungua boneti, mpira wa juu ulikuwa umepasuka pembeni ya klipu, na ndani yake ulikuwa mkavu kabisa. Rangi ya silinda hedi upande wa egzosi ilikuwa imebadilika. Mwenye duka la jirani akaja mbio na ndoo ya maji ya baridi, kwa nia njema kabisa, na ilibidi tumshike mkono, maana kumwagia injini ya namna hiyo maji baridi ni kuipasua.

Gari lilimalizia safari juu ya lori. Fundi mashine Nairobi akaweka rula ya chuma juu ya ile hedi, akatuita tuchungulie: mwanga ulikuwa unapita chini ya rula kutoka silinda ya pili mpaka ya tano.

Kwa hiyo shika hili. Sindano ikishuka ghafla wakati gari linapanda mlima, simama. Usimalizie kilomita, usitafute kivuli. Na ukitaka kuhakikisha kabla hujazima, fungua hita mpaka mwisho: ikipuliza joto, maji yapo, ikipuliza baridi na injini ni ya moto, huna maji. Zima hapohapo. Kifuniko usikiguse mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta.

Ukishamaliza hayo yote, ndiyo tuzungumze gesi. AC za enzi zile zilitumia R12, ambayo ilianza kuondolewa baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Leo utajaziwa R134a, lakini usikubali ijazwe tu juu ya ya zamani. Oili ya R12 ni ya madini na haichanganyiki na R134a. Inabaki imelala kwenye mabomba na kompresa inazunguka kavu mpaka inakwama. Isafishwe, iwekwe oili ya esta au PAG, chujio la kukaushia liwe jipya, raba za maungio ziwe mpya, na mipira ibadilishwe kwa sababu ile ya zamani huivujisha gesi hii. Mfumo uvutwe hewa kwa pampu si chini ya nusu saa, kisha uachwe uone kama geji inashikilia. Kiasi cha gesi kiwe pungufu, kama asilimia 80 ya uzito ulioandikwa kwa R12. Fundi anayejaza kwa kusikiliza mlio na kugusa bomba, mshukuru uondoke. Na anayekuja na mtungi usio na jina, muulize kama hiyo siyo gesi ya kupikia, maana wapo wanaoitia, nayo inawaka.

Wenye Porsche 911 za zamani, msicheke. Nyinyi hamna maji, lakini oili ndiyo rejeta yenu, na kondensa yenu imekaa kwenye kifuniko cha nyuma juu ya injini yenyewe.

Mengine ni ya kawaida: jerikeni ya maji, klipu mbili tatu, mpira wa juu wa akiba, kizima moto kilicho karibu na kiti na siyo chini ya mizigo. Safiri alfajiri. Ukipita Emali angalia chini ya gari hata kama kila kitu kiko sawa. Mpe dereva wa nyuma namba yako ya simu, na akikuwashia taa, usimjibu kwa dole gumba, egesha.